Namba Kumi na Nne ya Bi Mkubwa

Hapana, bwana. Nguruwe sikula, na wale niliowapeleka hawakula, na ukirudia tena tutakosana hapahapa. Karai lilikuwa moja, hilo nakubali, nimeliona kwa macho yangu. Lakini kutoka karai moja mpaka nguruwe ni safari, na wewe unaruka tu kama chura. Unakaa Yeoville, ng'ambo ya jiji, hadithi imekufikia ikiwa imeshapita saluni tano na kila saluni imeisuka upya. Mimi nilikuwepo. Tena mimi ndiye mshtakiwa. Shuka La Rochelle, mtaani kwetu, uulize yule kijana wa Tanga, fundi simu, watakwambia: aah, Mla Nguruwe? Yuko pale kwenye kona. Jina hilo nimelibeba mwaka na nusu. Kwa hiyo kaa, sikiliza, ubishi wako uweke mfukoni kwanza.

Mwenyewe humjui, ndiyo maana unamsema ovyo. Wazulu walimwita Ma-China, Wakongo wakamwita Mama Chinois, mimi nilimwita Bi Mkubwa. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye leseni ukutani, limefunikwa na mafuta ya miaka, na yeye hakulifuta. Alisema anayetaka chips hahitaji jina. Alikuwa mfupi mpaka asimame juu ya kreti la soda ndipo aonekane dirishani, na hata hapo ulichokiona ni nywele nyeupe zilizokatwa kama kwa rula, miwani iliyofungwa plasta, na kidole. Kile kidole ndicho kilichoendesha duka. Kikikuelekea wewe, unaagiza. Kikielekea mlangoni, unaondoka.

Duka lilibanwa kati ya watu wa matairi na saluni ya Wakongo. Mchina wa zamani, si hawa wa siku hizi wenye taa za rangi na picha za chakula ambacho hakifanani na chakula. Ubao wake ulichorwa kwa brashi, wekundu umepauka ukawa rangi ya ufizi, na kila kitu kilikuwa na namba. Moja ni roli za kabichi, saba ni tambi na kuku, tisa ni wali wa mayai, kumi na moja ni samaki na chips. Kumi na nne ni nguruwe wa sukari na siki, mchuzi mwekundu unaong'aa kama rangi ya kucha. Huagizi kwa jina. Ukisema "naomba tambi", anakutazama kama umemwomba figo. Sema saba. Chakula kinatoka kwenye sahani ya foili yenye kifuniko cha karatasi, kimezungushiwa gazeti, moto mpaka unakihamisha mkono huu na ule njia nzima.

Ndani palikuwa na meza mbili za fomaika, na hapo ndipo palikuwa na siasa. Hukai kwa sababu umelipa. Unakaa kwa sababu Bi Mkubwa amekuona una adabu. Mimi nilipofika 2015, siku ya kwanza tu nikagombana naye. Chips zilikuwa zimelainika, nikarudi nazo dirishani damu imenichemka. Lakini sisi Tanga, hata ukienda kumgombeza mtu mzima, unaanza na salamu. Nikasema, "Shikamoo. Hizi chips ni matope."

Akasimamisha kidole. "Umesemaje?"

"Nimesema ni matope."

"Kabla ya hapo."

Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kujiokotea, maana shule na mimi tuliachana mapema: hiyo ni salamu ya kumwambia mtu kwamba amekuzidi umri na unalijua hilo. Akatafuna yale maneno, akauliza na jibu lake ni nini, nikamwambia. Akasema, "Marahaba. Chips ni matope kwa sababu umetembea nazo. Kaa." Nikakaa, akakaanga nyingine.

Toka siku hiyo ikawa sheria ya duka. Mtu wa matairi, dereva wa teksi, dada wa saluni, wote shikamoo. Kulikuwa na Wazulu wakidhani ni Kichina. Aliyepata tabu ni Dieume. Huyu Dieume ni fundi cherehani wa Bukavu, duka lake linatazamana na la Bi Mkubwa, ni rafiki yangu na ni adui yangu, kutegemea siku. Yeye aligoma.

"Mama, miye Mukongo. Ile ya shikamoo ni ya Batanzania. Kwetu tunasema jambo, inatosha."

"Hakuna shikamoo, hakuna kumi na nne."

Dieume akanitazama kama mimi ndiye niliyemuuza. Kisha akaisema haraka, uso umekunjwa, kama mtu anayemeza klorokwini. Maana kile chakula alikipenda kuliko heshima yake. Kila siku ya Mungu, kumi na nne. Alikuwa anakula amefumba macho. "Tanga, weye Mwislamu, Mungu akusaidie, haujue kile unakosa. Hii nguruwe iko ya mbinguni. Bukavu hakuna. Kinshasa hakuna. Ni hapa tu."

Kazaliwa wapi, baba yake nani, hayo sikumuuliza Bi Mkubwa, na waliouliza walijibiwa. Mlevi mmoja alimwambia, "Ma-China, unarudi lini kwenu?" Akamjibu, "Saa kumi na moja nikifunga. Kwetu ni Malvern. Unataka lifti?" Walikuja pia Wachina wapya, wenye maduka makubwa, wakamsemesha lugha yao kwa furaha. Akawajibu kwa Kiafrikana. Wakaondoka wakitazamana. Nikamuuliza kwa nini kawafanyia hivyo. Akasema kile si Kichina cha nyumbani kwao, na yeye hawezi kujifunza Kichina uzeeni.

Usidhani nakusimulia malaika. Alikuwa mwongo wa vitu vidogo, tena hodari. Tambi zinachemka nyuma yake, mvuke unaonekana, anakwambia zimekwisha kwa sababu hajapenda ulivyovaa kofia ndani. Kalenda yake ukutani ilikuwa ya miaka sita nyuma, ukimwambia anasema mwaka ule picha zilikuwa nzuri. Na mchezo wa fafi, je? Unaujua: unaota kitu, kila kitu kina namba yake, unaichezea, na wenye mchezo ni Wachina. Basi kina mama wa mtaani waliamini Mchina yeyote anazijua namba za kesho, wakawa wanampelekea ndoto. Yeye fafi aliichukia. Lakini ndoto alisikiliza.

"Nimeota nyoka, Ma-China."

"Mkubwa?"

"Mkubwa."

"Kumi na nne."

Mwingine kaota harusi. Kumi na nne. Mwingine kaota amepoteza kiatu. Kumi na nne, na kwa kuwa yuko hapa, aondoke na sahani yake moja ya kumi na nne, ndoto isipoe. Nilikuwa nacheka mpaka wali unapanda puani. Halafu siku moja ikatoka kumi na nne kweli. Eish. Kesho yake foleni ilifika kwenye robot, zile taa za barabarani. Bi Mkubwa akafunga dirisha, akaketi meza yangu, akaniambia taratibu, "Nimejiharibia maisha."

Ungekaa naye ungejua alivyokuwa. Watu wakilalamika wamesubiri, alisema: "Chakula kikimsubiri mtu kinaharibika. Mtu akikisubiri chakula anakomaa." Bahili wa siki, anakuhesabia matone, lakini dada wa saluni alipougua wiki mbili, namba tisa ilivuka ukuta kila mchana na hakuna aliyeambiwa imetoka kwa nani. Nilipoiona ikivuka, akanionyesha kidole. Nikarudi kwenye sahani yangu.

Sasa njoo kwenye karai.

Mimi pale nilikula samaki, mayai, kuku, mboga. Siku za mwanzo nilimuuliza kama chakula chake kinanifaa mtu kama mimi. Akaitazama kofia yangu, akasema, "Kwako ni safi. Kula." Nikaamini. Unaniuliza kwa nini? Kwa sababu hakuwa na haja ya kunifurahisha. Anayekufukuza kwa kidole atakubembeleza kwa uongo wa nini? Ndivyo nilivyofikiri, na nikawa naapa kwa ajili yake. Kijana akitoka Dar, akitoka Unguja, mimi ndiye nampeleka: kula hapa, ni salama, neno langu.

Ramadhani ya 2018, mama aliyekuwa akitupikia futari alifiwa, akasafiri. Tulikuwa tunasali kwenye chumba cha kupanga, anatuongoza Maalim, mtu wa Tanga pia, mchana mlinzi, jioni anafundisha. Nikasema niachieni mimi. Siku tatu Bi Mkubwa alitupikia namba tisa na namba saba, sufuria mbili kubwa, nikazibeba mwenyewe. Watu walikula mpaka wakasahau kuzungumza. Maalim akalamba kidole, akasema, "Huyu mama ana mkono."

Siku ya nne napita kwa Dieume na wenzangu wawili. Yeye yuko mlangoni, sahani ya foili mkononi, mdomo mwekundu wa mchuzi. Akasema kwa utani, wala hakuwa na ubaya, "Ba frère, mulikula vizuri? Karai yenu na karai yangu ni moja, hein. Tumekuwa familia."

Akacheka peke yake.

Jioni ile chumbani hakuna aliyekaa karibu yangu. Maalim akaniita pembeni. "Karai umeliona?"

"Sijaliona, Maalim. Ila mama kasema ni safi."

"Kasema si macho. Umewalisha watu waliofunga. Nenda kaone."

Nikaenda mchana wa kesho yake, nina njaa, nina hasira, nina aibu. "Bi Mkubwa, shikamoo. Naomba nione jikoni."

"Hapana."

"Dakika moja tu."

"Mama yako akikupikia, unakagua sufuria?"

"Wewe si mama yangu."

Nilisema hivyo. Ulimi wangu mimi ndio huo, unatangulia halafu mimi nafuata nyuma nikiokota. Akafunga dirisha. Nikaligonga, nikatikisa nondo, nikasema maneno mengine ambayo siyarudii hapa. Watu wa matairi wakaacha kazi kunitazama. Kisha nikazunguka nyuma, kwenye uchochoro wa mitungi ya gesi, mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, nikaingia.

Karai moja. Kubwa, jeusi, juu ya moto. Nikatafuta la pili chini ya meza, juu ya rafu, nyuma ya mlango. Hakuna. Nikaona miaka mitatu yangu yote imekaa mle ndani inachemka. Nikaona nyuso za wale watu wanavyofuturu.

Bi Mkubwa hakupiga kelele. Alishuka kwenye kreti, akafungua friji, akanivuta kwa mkono wa shati. "Tazama, mkaguzi." Maboksi ya kuku, mhuri wa halali ubavuni, kutoka kwa mchinjaji Mwislamu wa Fordsburg. Samaki. Kabichi. Mayai. Akafungua friji ya chini. Kuku tena. Nguruwe hakuna, hata mfupa.

"Na kumi na nne?" nikauliza.

Akatazama sakafu. Akachukua paja la kuku lililokatwa vipande, akaliinua kati yetu. "Kumi na nne," akasema.

Nilikaa kwenye gunia la viazi.

Ilikuwa hivi. Zamani makarai yalikuwa mawili. Mzee wake, yaani mumewe, ndiye aliyekata nguruwe na kumkaanga kwenye karai lake. Yeye alikuwa na lake la kuku na samaki, watu wa matairi wengi ni Waislamu, wakala la kwake, halijawahi kuchanganywa. Mzee alipofariki, karai lake likaenda, nguruwe akaenda naye, maana yeye Bi Mkubwa kazi ile hakuipenda tangu mwanzo. Akapanga Jumatatu afute kumi na nne ubaoni. Jumatatu yenyewe akaja fundi cherehani, kaagiza, hakuna kitu, akamwekea kuku kwenye unga na mchuzi uleule, ili amweleze akija kulipa.

"Akaja kulipa," Bi Mkubwa akasema, "machozi yanamtoka. Akaniambia, Mama, leo nguruwe imezidi. Sasa ningemwambiaje?"

"Ungemwambia ni kuku."

"Ungemwambia wewe?"

Nikaanza kucheka. Wallahi nilicheka na saumu yangu mpaka nikaegemea friji. Yeye hakucheka. Akasema, "Ukimwambia mtu mmoja, nafunga duka. Si kwa hasira. Kwa aibu. Watu wangu wa kumi na nne nitawatazama kwa uso gani?" Akanitaka niape. Nikaapa, kwa jina la Mungu, kwamba mpaka atakapoifungua yeye, siri ile haitatoka kwangu.

Ona sasa nilipojiweka. Nikarudi kwa Maalim.

"Umeliona?"

"Nimeliona. Futari yenu ni safi, Maalim, naapa."

"Makarai mawili?"

"Moja."

"Na nguruwe anakaangwa wapi?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Maalim akauliza, "Umeapishwa?" Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu akakuelewa, si mjinga yule. Akasema tu, "Asiyejua hana kosa. Lakini mimi siwezi kuwaambia watu waamini kinywa kilichofungwa." Na hakuwaambia. Ndipo jina likazaliwa. Simu zikapungua mezani kwangu. Nilipigana mara mbili, mara moja nikashinda. Na kila mchana, sharp, niliingia kwa Bi Mkubwa, nikakaa meza ileile wanione, nikala saba. Siku akipenda aliongeza kipande. Hakuniambia asante hata siku moja, na mimi sikuitaka.

Mwaka huu, 2019, jengo likauzwa. Hakuaga mtu. Asubuhi moja dirisha halikufunguka, Dieume akasimama mbele yake na tai shingoni kama mtu aliyefika kwenye msiba wakati maiti keshazikwa. Miezi ikapita. Wiki iliyopita akaja kwenye kona yangu.

"Tanga. Mutoto wangu anabatizwa Jumapili. Nilienda kwa Bachinois bengine bote, nikakula nguruwe yao. Haina kitu. Iko kama sabuni. Weye ulikuwa mutoto wa Mama. Mutafute, aandike ile ya kumi na nne, bibi yangu apike. Nakuomba." Dieume kuniomba mimi kitu. Halafu akaongeza, kwa sababu hajui kuacha, "Hata kama ni mafuta ya nguruwe ilikuingia pale Ramadhani, weye ulishazoea."

Nilitaka kumrukia. Nikamezea.

Nilimpata Bi Mkubwa mtaa wa Observatory, nyumba ya mpwa wake, juu ya kilima, ameketi kitini barazani, amevaa koti la baridi wakati jua kali. Bila kreti alikuwa mdogo mno, miguu haigusi chini. "Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umekonda. Nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Inaonekana."

Nikamweleza la Dieume. Aliangalia bonde lote la mabati chini yetu, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Anacheka. Alicheka mpaka mpwa wake akatoka kuangalia. Kisha akasema leta kalamu. Unga kiasi gani, siki kiasi gani, nyanya ya kopo, sukari, nanasi, karai liwe na moto wa kuogopesha. Niliandika yote, mwandiko wangu unaujua, kama kuku kaparura.

"Na mstari wa kwanza?" nikauliza. "Nyama gani?"

Akaacha kucheka. "Bado wanakuita lile jina?"

"Bado."

"Duka limekufa. Kiapo kimekwisha, wewe huru. Waambie watu wako wa sala." Akavuta koti. "Lakini huyo wa cherehani mimi nilimlisha miaka minane, akafurahi miaka minane. Huo mstari sikuandikii mimi. Huyo ni rafiki yako."

Nikamuuliza yeye angeandika nini. Akainua kidole, kikaelekea barabarani.

Maalim nimeshampigia, amehamia Durban. Kanisikiliza mpaka mwisho, kasema alhamdulillahi mara tatu, halafu kauliza kama yule mama bado anapika. Kwa hiyo mbele ya Mungu na mbele ya Maalim nimemaliza. Limebaki jina mtaani, na redio ya La Rochelle ni mdomo wa Dieume. Nikiandika kuku, kufika Jumatatu mtaa mzima utajua, na kijana wa Tanga atakuwa msafi kama sahani. Ila yule mtu, mbele ya wageni wake, atanyang'anywa nguruwe yake ya mbinguni, miaka minane yote. Nikiandika nguruwe, mkewe atapika, haitafanana, ataamini ni mkono wa Mama tu ndio uliokosekana, na mimi nitabaki Mla Nguruwe mpaka nihame.

Karatasi hii hapa, mstari wa kwanza mtupu, na anakuja kuichukua kesho asubuhi. Wewe uliyeanza ubishi, chukua kalamu: niandike nini?